Nusu Kaputi, Nusu Ipi

Mtoto wangu wa kwanza alikaa tumboni kama mtu aliyekalia kigoda, kichwa juu na makalio chini. Daktari wa hospitali ya wilaya alinipapasa, akageuza mikono, akapapasa tena, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba nitapasuliwa. Lakini hakusumbuliwa sana na mkao wa mtoto. Kilichomsumbua ni presha yangu, ambayo ilikuwa imeanza kupanda katika wiki za mwisho. Si ya kutisha, alisema, ni ya kuangaliwa. Nilitoka pale nikiwaza tofauti kati ya kutisha na kuangaliwa, na nikaiwaza njia nzima mpaka Makanyagio, nilikokuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya duka la chumvi na mafuta ya taa.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na shahada yangu bado ilikuwa mpya. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Mtu asiye na habari akiambiwa presha imepanda huogopa, halafu huenda kupika. Mimi nilizijua zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Nilijua zinamwaga nini mtu akishtuka au akichanwa na kitu chenye ncha. Nilikuwa nimezichora ubaoni kwa chaki ya rangi na kuwaambia kidato cha tatu wazikariri. Nilijua kwamba adrenalini hubana mishipa ya damu, na kwamba mojawapo ya mishipa inayobanwa ni ile inayopeleka damu kwenye kondo, kwa mtoto. Kwa hiyo woga wangu haukuwa wangu peke yangu. Kila nilipoogopa niliona kama nampunguzia mtoto pumzi, na nikiona hivyo naogopa zaidi. Nilijiamuru nitulie. Kuna mambo machache yanayoukimbiza moyo zaidi ya kuamriwa kutulia na mtu usiyemwamini, na mimi nilikuwa sijiamini hata kidogo.

Mume wangu alikuwa masomoni Morogoro. Aliyekuja kukaa nami ni mama yake, kutoka Mamba, juu ya lori la mpunga, akiwa na mchele wa nyumbani na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyewazaa watoto wake wote juu ya mkeka. Kiswahili chake alikipata kanisani na mnadani, na alipokosa neno alilibuni palepale bila aibu.

"Hiyo presha," aliniuliza siku aliyofika, "inakaa wapi?"

"Kwenye damu, mama."

"Basi kula matembele. Yanaongeza damu."

"Damu ipo ya kutosha, mama. Ni kwamba inasukumwa kwa nguvu."

"Nani anaisukuma?"

Nikala matembele.

Kabla ya kunipa siku ya kulazwa, daktari alinieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulazwa usingizi, na dawa ya usingizi waliyokuwa nayo ilikuwa ketamini, ambayo yenyewe hupandisha presha. Ya pili ni sindano ya mgongo, inayotia ganzi kuanzia kifuani kushuka chini. Yeye aliipenda hii ya pili kwa hali yangu. "Ila utakuwa macho," akasema. "Wengi hapa wanaikataa. Nenda ukafikirie, siku ya upasuaji utamwambia mtu wa usingizi." Mtu wa usingizi ndivyo kila mmoja pale hospitalini alivyomwita yule aliyewalaza wagonjwa, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisinzia.

Kuniambia mimi nikafikirie ni sawa na kumwambia mlevi akaonje.

Nilifikiria nikifua, nikafikiria nikisahihisha madaftari. Niliona kwamba habari za kisu hufika mwilini kwa njia mbili. Njia moja ni ya mishipa ya fahamu: ngozi inakatwa, habari inapanda uti wa mgongo, na tezi zinamwaga homoni zao hata kama mwenye mwili amelala fofofo na hajui lolote. Njia nyingine ni ya kichwa: mtu anaona taa, anasikia vyuma, anajua anachofanyiwa, naye anatetemeka kabla hajaguswa. Usingizi unafunga njia ya kichwa na kuiacha ile ya mwili wazi, angalau kwa sehemu. Sindano ya mgongo inafunga ile ya mwili kabisa, lakini inakiacha kichwa wazi, na kichwa chenyewe ni changu. Kwa mwanamke mwingine yeyote nisingesita, ningesema sindano. Kwangu nilishindwa kujua ni kipi kitakachomwaga adrenalini zaidi, kisu au mimi.

Wanawake wa bombani walinipa elimu yao pia. Walisema ukichomwa mgongo hutainua ndoo tena maishani. Walisema mvua ikikaribia utaijua kabla ya mawingu, mgongo utakuambia. Mmoja alisema shemeji yake wa Ilembo alichomwa akapooza mguu, mwenzake akamwambia mguu ule ulipooza kwa sababu nyingine na kila mtu anaijua, wakacheka hadi maji yakamwagika. Hakuna aliyeniambia kitu kuhusu usingizi isipokuwa kwamba mtu akiamka husema ovyo, na jirani yao alizinduka akimtukana mkwewe kwa mambo ya miaka ya nyuma, yote ya kweli.

Nilichagua sindano ya mgongo. Sijui kama niliichagua kwa ajili ya homoni au kwa ajili ya kuogopa kumtukana mama mkwe.

Jioni ile nilimweleza tukichambua mchele. Nilitaka aelewe, maana ndiye angekaa nami wodini na ndiye angemjulisha mume wangu lolote litakalotokea. Nilimwonyesha kwa mkono wangu mstari chini ya matiti.

"Kuanzia hapa kwenda chini, ganzi. Hutasikia hata ukichomwa na moto. Kuanzia hapa kwenda juu, mzima."

"Unaongea?"

"Naongea."

"Unaona?"

"Naona, ila wanaweka shuka."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kwa hiyo chini umekufa, juu uko hai."

"Kwa muda, mama."

"Nusu."

"Ndiyo, nusu."

"Haya. Sasa nimekuelewa, mkwe wangu. Nyie wasomi mnazunguka sana, kumbe jambo lenyewe ni nusu."

Nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja ndani ya nyumba aliyelielewa jambo mpaka mwisho.

Nililazwa siku moja kabla ya upasuaji. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama wa Kisukuma, mzazi wa watoto wengi, ambaye mtoto wake safari hii alikuwa amelala ubavu. Ukoo wao ulikuwa umehamia na ng'ombe kutoka kaskazini, na walimleta hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka mbali. Yeye naye alikuwa akisubiri kupasuliwa, siku moja baada yangu. Aliniangalia nikiangalia dari.

"Mayu," akaniita, yaani mama, kama wanavyoitana wao, "kuna maandishi huko juu?"

"Hapana."

"Maana naona unasoma."

Asubuhi niliwekewa dripu, nikavalishwa gauni la kufungwa nyuma, nikaambiwa nisubiri jenereta iwashwe. Nilikwenda chooni, nikakaa huko zaidi ya ilivyohitajika, nikihesabu mapigo ya moyo kwenye shingo na kuacha kila yalipozidi kiasi nilichokitaka. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya kitanda, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mtu wa usingizi amepita," akasema. "Ameuliza unataka nini. Nimemwambia."

"Umemwambia vizuri, mama?"

"Vizuri kabisa. Amekubali mwenyewe."

Mimi ambaye huuliza kila swali mara mbili na la tatu huliuliza moyoni, sikuuliza zaidi. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na harufu ya dawa ya kuulia wadudu na ya mafuta ya jenereta yaliyoingia kwa dirisha. Taa moja kubwa juu, na kando yake nyingine isiyowaka. Mtu wa usingizi alikuwa mwanamume mnene wa makamo mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alinifunga kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akakunja uso, akapuliza tena. Nilitaka kujua ni ngapi. Akachukua sindano iliyokwisha jazwa, akaishika karibu na mpira wa dripu.

"Mwalimu," akasema, "utaota ndoto kidogo. Usiogope ukijiona unapaa, wengine wanafika mpaka Kigoma. Utazinduka mtoto ameshaoga."

Nilielewa neno moja moja, kisha nikaelewa yote kwa pamoja.

"Hiyo ni nini?"

"Ketamini."

"Nilisema mgongo."

"Umesema nusu kaputi."

"Sijasema chochote. Nilikuwa chooni."

"Mama yako amesema. Nimemuuliza mara mbili, mgongo au usingizi. Akasema, hapana, huyu anataka nusu kaputi, amenieleza mwenyewe jana. Nikamwambia, mama, presha yake hainifurahishi, ningependa mgongo. Akanijia juu. Nusu kaputi, nusu kaputi, hataki kingine."

Pale mezani, chini ya taa moja, niliyaona makosa yote mpaka mzizi wake. Tangu enzi za babu zetu, dawa ya kumlaza mtu kabisa inaitwa nusu kaputi, nusu ya kufa, na hospitali yoyote ukilitaja neno hilo utalazwa hujui jua wala mwezi. Lakini mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kumwona mtu aliyepigwa nusu kaputi. Alikuwa amelisikia tu. Na mimi nilikuwa nimemkalisha kwenye mkeka na kumwambia kwamba nusu ya mwili itakufa na nusu itabaki hai. Jina lilikuwepo, na maelezo niliyatoa mimi. Aliviunganisha kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeviunganisha. Kwake yeye, usingizi ulikuwa kitu kingine, kaputi nzima.

Nilianza kueleza. Nilieleza kuhusu mishipa ya fahamu, kuhusu habari ya kisu inayopanda uti wa mgongo, kuhusu tezi zilizo juu ya figo, adrenalini, kondo. Nilieleza nikiwa nimelala chali, mkono mmoja umefungwa kitambaa na mwingine una dripu, nikihema. Sista aliyekuwa akipanga vyuma alisimama kunisikiliza.

"Mwalimu," mtu wa usingizi akasema, "hapa hakuna mtihani. Sema tu, unataka nusu ipi?"

"Ya chini."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo." Akaiweka ile sindano kwenye sinia. "Na mimi nilitaka hiyohiyo. Sista, mkalishe. Daktari, subiri kidogo, mgonjwa amebadilisha jina la dawa."

Sista alinikalisha pembeni mwa meza, akanikumbatia kwa mbele, akaniambia nijikunje, kidevu kifuani, mgongo nje. Ukiwa na tumbo la miezi tisa kujikunja ni neno tu. Nilisikia ubaridi wa spiriti, kisha mchomo, kisha kitu kama mtu anayesukuma kidole gumba kati ya mifupa. Nilikuwa nikitetemeka kiasi kwamba sista alitetemeka pamoja nami. Kisha ukaja ujotojoto matakoni, ukashuka mapajani, ukafika nyayoni. Waliponilaza na kuniinamisha kidogo upande wa kushoto niliamuru kidole cha mguu kicheze. Hakikunisikia.

Wakatundika shuka mbele ya uso wangu. Nilisubiri kisu, na nilikuwa bado nakisubiri nilipotambua kwamba kazi imekwisha kuanza. Mwili wangu ulivutwa na kukandwa kama unga, lakini maumivu hayakuwepo. Ile njia ya kwanza ilikuwa imefungwa kweli. Nilibaki na ile ya pili, ya kichwa, na huko mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Nilisikia moyo wangu masikioni. Nikawaza, sasa hivi namwaga, mtoto anabanwa, tulia, tulia. Nikawaza kwamba hata neno tulia linamwaga.

Halafu dari likaanza kusogea. Mate yakajaa mdomoni, masikio yakavuma, na sauti za watu zikaenda mbali.

"Nasikia kichefuchefu," nikasema.

Mtu wa usingizi alikwisha puliza kitambaa. "Imeshuka," akasema, si kwangu. Akafungua dripu ikawa inakimbia, akaongeza kitu kwenye mpira. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Mwalimu, uliogopa presha ya juu. Sasa imekwenda chini. Bado unaogopa?"

"Ndiyo."

"Vizuri sana. Ogopa, ogopa. Itapanda kidogo."

Daktari alicheka nyuma ya shuka. Kisayansi maneno yale yalikuwa na matundu, na kwa hali yangu nilianza hata kuyatafuta matundu yenyewe: dawa ile huzuia mishipa isibane, kwa hiyo woga peke yake usingeweza kufanya kazi yote. Lakini nilipofika katikati ya hoja niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu presha ipande, mtu ameniruhusu kuogopa. Wiki zote zile nilikuwa nikiogopa na papo hapo nikijizuia kuogopa, na kazi ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Nikaiacha. Niliogopa tu, waziwazi, kama mtu anayelia msibani. Dari likasimama. Ni dripu na dawa zilizolisimamisha, hilo najua, wala sitaki mtu adhani vingine.

"Ni ngapi sasa?" nikamuuliza.

"Namba ni zangu. Mtoto ni wako."

Muda si mrefu nikahisi uzito mkubwa ukisukumwa chini ya mbavu zangu, sista akisukuma kwa mikono yote miwili, kisha nikawa mwepesi ghafla. Kukawa kimya. Sijui kilidumu muda gani, na nimejaribu mara nyingi kukipima tangu siku ile. Nilikuwa na nafasi ya kuwaza kwamba nilimbana sana, kwamba wiki zote zile za kuwaza zimemfikia. Nilisikia mtu akisugua kitu kwa kitambaa. Nilisikia mpira ukivuta ute. Kisha kikaja kilio kikavu, cha hasira, kama cha mbuzi aliyekanyagwa.

"Wa kiume," daktari akasema. "Na amenikojolea."

Sista alimleta juu ya shuka ili nimwone. Alikuwa na rangi ya zambarau kwenye miguu na nyekundu usoni, magoti yamekunjwa mpaka kwenye masikio kama alivyozoea kukaa. Nilimwangalia midomo. Midomo ndiyo niliyotaka kuiona, na ilikuwa ya rangi inayotakiwa. Nilimwomba sista amsogeze tena ili niiangalie mara ya pili.

Wodini, mama mkwe alikuwa ameshajua kwamba kuna jambo lililokwenda kombo, maana mtu wa usingizi alipita kumpa pole, kumcheka na kumsimulia ile safari ya Kigoma. Alinisubiri nifike kitandani, akampokea mtoto, akamfungua nguo akamkagua mwili wote, ndipo akaniuliza.

"Nasikia nilitaka kukuua."

"Hapana, mama."

"Si ulisema nusu?"

"Nilisema nusu."

"Na hiyo yao ya kulala kabisa, wanaiita nusu?"

"Ndiyo."

"Nusu ya nini sasa? Mtu haongei, haoni, hasikii, halafu nusu! Hao walioipa jina ndio waliokosea." Hakuishia hapo. Alipokuwa akisubiri uji upoe alipita kitanda hadi kitanda, mjukuu mkononi, akiwaonya wanawake kwamba hapa kuna nusu mbili, ya juu na ya chini, na asiyesema ni ipi atapelekwa Kigoma.

Jioni ganzi iliisha. Miguu ilirudi kwanza kama ya mtu mwingine, kisha ikawa yangu, na kidonda nacho kikajitambulisha. Habari zote zilizozuiliwa asubuhi zilifika kwa pamoja, nikauma ncha ya khanga. Sista alikuja na sindano ya maumivu, na kitambaa cha presha. Presha ilikuwa bado juu kidogo, akasema, itaangaliwa. Safari hii sikuiwaza ile tofauti.

Yule mama wa Kisukuma alikuwa akinitazama tangu niliporudishwa. Kesho yake asubuhi ilikuwa zamu yake. Alikuwa na ujasiri wa kila namna, nilimwona akimkemea mumewe dirishani kuhusu ndama bila hata kujiinua kitandani, lakini sasa alikuwa amelala na mikono juu ya tumbo, akiangalia dari lilelile.

"Mayu," akaniita. "Umechagua ile ya kuwa macho?"

"Ndiyo."

"Uliogopa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia kwamba sindano ile hupunguza zile homoni za mshtuko kwa sababu mwili haupati habari, kwamba kichwa kinabaki, kwamba kichwa ni nusu tu ya mambo. Ningeweza pia kumdanganya kwamba si kitu, ili alale. Nilimwangalia mtoto aliyekuwa amelala kwenye mkono wa mama mkwe, akivuta pumzi kwa haraka na kuacha, na kuvuta tena.

"Niliogopa mwanzo mpaka mwisho," nikasema.

"Bila kupumzika?"

"Bila kupumzika."

"Na mtoto?"

"Huyo hapo."

Alijiinua kwa kiwiko, akamtazama kwa muda, macho, mdomo, kifua kinavyopanda na kushuka. Kisha akajilaza polepole.

"Basi na mimi nitaogopa tu," akasema, akavuta khanga hadi begani, akageukia ukutani.